Mguu wa Kanza, Breki ya Togolai

"Breki ya mwenzio haijui mguu wako."

Maneno hayo aliyasema mwanangu Eliamani asubuhi, akimjibu kijana wake Mbazi, kisha akachukua jembe akaenda shambani. Mbazi alikuwa amemwomba ruhusa ya kung'oa mibuni yote ya ukingo wa juu apande tangawizi, kwa kuwa rafiki yake wa kitongoji cha pili alifanya hivyo na sasa amejenga nyumba ya matofali. Baba yake hakumpa hoja nyingine. Methali tu, na jembe begani.

Adhuhuri tukawa ghalani tunamenya tangawizi, mimi na wajukuu wangu wawili, Mbazi na dada yake Namcha. Mbazi alikuwa bado amenuna. Namcha ndiye aliyeuliza.

"Bibi, hii methali ya breki imetoka wapi? Wahenga hawakuwa na breki."

"Wahenga wa methali hii wengine bado wanakula ugali," nikamwambia. "Ilizaliwa hapa hapa Kighunda, nami nilikuwepo ilipotamkwa mara ya kwanza. Endeleeni kumenya, niwaeleze ilivyoanza. Lakini si habari ya kuchekesha."

Nikawasimulia hivi.

Wakati huo barabara ya kushuka tambarare ilikuwa udongo mtupu. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika ilikuwa utelezi. Gari lilikuwa moja tu, nalo liliondoka alfajiri. Ukilikosa, unangoja kesho au unatafuta pikipiki. Waendesha pikipiki wa kijiji hawakuwa wengi, na wawili kati yao walikuwa marafiki wakubwa. Mmoja aliitwa Togolai, mwingine Kanza.

Togolai alikuwa mrefu kupita kiasi. Hakuna mlango wa kijiji hiki aliouingia bila kuinama. Miguu yake ilikuwa mikubwa hivi kwamba buti zake za mpira ziliagizwa mjini, dukani kwetu hazikuwepo. Kazi yake ilikuwa kushusha magunia ya tangawizi, na pikipiki yake aliipima mwilini mwake kama mtu anavyopimiwa suruali na fundi. Shokapu za nyuma alizipandisha hadi mwisho ili zihimili magunia. Vioo vya pembeni alivielekeza juu, kwenye macho yake. Na breki ya mguu aliishusha chini sana. Alikuwa na sababu: mguu wake ni mrefu, buti lake ni nene, na kama kanyagio lingekuwa juu, buti lingelilalia njia nzima, breki ingepata moto na kuisha. Kwake yeye ilikuwa sawasawa kabisa. Kila asubuhi, kabla hajapakia chochote, aliizungusha pikipiki uwanjani kwake, akakanyaga, akasimama, akatikisa mnyororo, akabonyeza matairi. Hapo ndipo alipoanza safari.

Kanza alikuwa mfupi. Mfupi, mwepesi, mwenye haraka ya mwili na ya ulimi. Nisimseme vibaya: alikuwa dereva mzuri, hata mzuri kuliko Togolai, na kina mama waliokwenda kliniki walimchagua yeye. Ila alikuwa na kidonda kimoja, nacho kilikuwa kimo chake. Watu walimtania. Akishuka kwenye pikipiki, kuna mtu atasema, "Kanza, shuka basi tukuone," naye amekwisha kushuka. Alicheka pamoja nao, lakini alicheka kwa meno tu.

Alimwoa Nanzia, binti wa Mama Sekiete, kutoka mlima wa pili. Nanzia alimzidi mumewe kimo, alimpita kwa paji zima la uso. Siku ya harusi mpiga picha aliwasimamisha kwenye ngazi za kanisa, Kanza ngazi ya juu, Nanzia ngazi ya chini, ili picha ipendeze. Ile picha ilipowafikia waliitundika ukutani, na Nanzia alikuwa akiitazama anacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, yule binti. Alimpenda mumewe, nanyi mnajua mtu hutania anachokipenda. Lakini Kanza hakuipenda ile picha.

Hawakumaliza mwaka katika ndoa yao.

Ilikuwa masika. Asubuhi ililetwa habari kwamba baba yake Nanzia, aliyekuwa amelazwa hospitali kule tambarare, amezidiwa, na anaulizia binti yake. Gari lilikuwa limeshaondoka. Pikipiki ya Kanza ilikuwa kwa fundi, injini imefumuliwa, inangoja kipuri. Kanza akamshika mkewe mkono, wakaenda mbiombio kwa Togolai.

Haya nitakayowaambia sasa nimeyasikia baadaye, kwa vinywa vya Togolai na Kanza wenyewe, maana pale uwanjani walikuwa watatu tu. Togolai alikuwa ndani anaumwa homa, amejifunga blanketi. Alipoelezwa shida, hakuuliza swali. Alitoka na blanketi lake, akampa Kanza ufunguo.

Kanza akapanda. Siti ilikuwa juu, ncha za vidole vyake ndizo zilizogusa ardhi. Togolai akaona.

"Subiri kidogo," akasema. "Nikupandishie breki ya mguu, na shokapu nizishushe. Ni muda wa kumenya muwa mmoja tu."

Akaingia ndani, akatoka na spana, akaanza kuinama. Nanzia alikuwa amesimama kando na kifurushi cha nguo za baba yake. Moyo wake ulikuwa mzito, na nadhani alitaka kuupunguzia uzito, wa kwake na wa mumewe. Akatabasamu, akasema, "Au tukuletee zile ngazi za kanisa, mume wangu?" Akacheka.

Kanza hakucheka, hata kwa meno.

"Acha, Togolai," akasema. "Pikipiki haimuulizi mtu kimo chake."

"Si kimo, ndugu yangu, ni mguu tu. Basi jaribu hapa hapa uwanjani. Nenda mpaka migombani, kanyaga breki, urudi."

"Baba mkwe anakata roho, wewe unaniambia nizunguke migombani?"

Togolai akainuka. Akachukua kofia yake ngumu, akamvika Nanzia juu ya kilemba. Ilikuwa ya kichwa kikubwa, ikamlegea, na mkanda wake ulikuwa umeachiwa hadi tundu la mwisho. "Ikaze, shemeji," akamwambia. Nanzia alikuwa anautafuta ule mkanda kidevuni wakati Kanza anawasha. Togolai akabaki amesimama na spana mkononi mpaka mlio wa pikipiki ulipozama kwenye ukungu.

Mwanzo wa njia hauna ukali, mnaujua. Kanza alishuka kwa breki ya mkono na gia ndogo, ikawa salama. Alitazama vioo, vikamwonyesha ukungu na vilele vya miti. Hakuvigeuza. Mara ya kwanza alipoitafuta breki ya mguu, unyayo ulikanyaga hewa, kisha ukashuka zaidi ukaikuta. Akajiambia atazoea. Palikuwa na mahali pa kusimama, pale dukani kwa Mndeme, pana uwanja sawa na watu wenye spana. Alipapita.

Manyunyu yakaanza. Kwa vile nyuma ya pikipiki ilikuwa imeinuliwa, kila mteremko ulipoongezeka Nanzia alimsukumia mbele, mpaka Kanza akawa amekaa karibu juu ya tangi. Na haraka ikampandisha gia. Walipofika Kona ya Kalivati, pale barabara inapoanguka kisha ikakata kushoto, alikuwa kwenye gia ya tatu.

Kwenye kona wakatokea wanawake wanapanda na mizigo ya kuni, wamefuatana kwa mstari, vichwa vimeinama. Kanza akakamata klachi apunguze gia, na kwa kukamata klachi pikipiki ikawa huru, ikatupwa na mteremko. Mguu wake wa kulia ukashuka kukanyaga. Ulikanyaga pale ambapo breki ilikuwepo kwenye pikipiki yake mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Akainuka kwenye siti aifuate, na alipoinuka mikono ikapoteza utulivu, akaibana breki ya mbele kwa vidole vyote. Tairi la mbele kwenye udongo uliolowa, likibanwa hivyo, halisimami. Huteleza.

Wanawake waliona pikipiki inalala ubavu na Kanza chini yake. Nanzia alirushwa. Mmoja wa wale wanawake aliniambia kwamba ile kofia ilimtoka kichwani ikiwa bado angani, ikaangukia kwingine, naye akaangukia ukuta wa kalivati. Mama huyo alitupa kuni zake akamweka Nanzia kichwa mapajani. Alikuwa anapumua. Hakusema neno. Walipopata watu wa kumbeba, hakuhitaji tena kukimbizwa popote.

Mimi ni mmoja wa wanawake tuliomwosha. Mwili wote ulikuwa mzima, hata mchubuko haukuwepo mikononi. Kichwa tu. Mama Sekiete aliomba amsuke mwanawe kabla hatujamfunika, tukamwachia, na alisuka taratibu akikwepa mahali palipopasuka. Hakulia. Alisuka tu.

Baba yake Nanzia alipona. Hawakuthubutu kumwambia kitandani. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alilikuta kaburi, na udongo wake ulikuwa umeanza kushikana.

Hapo Namcha aliacha kumenya. Nikamwambia aendelee, nami nikaendelea.

Siku ile ile ya ajali, kaka yake Nanzia, yule Sekiete mkubwa, alikwenda Kona ya Kalivati. Pikipiki ilikuwa bado imelala pale. Akalishika kanyagio la breki kwa mkono, akaliona liko chini, linaning'inia kuliko alivyozoea kuona. Akasema haina breki. Na neno likisemwa na mfiwa, nani atalipima? Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari moja: Togolai amempa rafiki yake pikipiki isiyo na breki.

Watu walikwenda hospitali kumwuliza Kanza. Mkono wake ulikuwa umevunjika, umewekwa plasta. Wakamwuliza, "Breki ilikuwepo?" Akageuza uso ukutani. Wakachukua ule ukimya kuwa ndiyo.

Togolai alieleza yaliyotokea. Alieleza habari ya spana, ya shokapu, ya migombani. Watu wakasema mwenye kosa hakosi la kusema. Polisi wa tambarare waliikagua ile pikipiki wakaandika kwamba breki zote zinafanya kazi. Watu wakasema polisi wamehongwa.

Alikuja mazikoni akiwa bado na homa. Alipokaa kwenye benchi, waliokuwa hapo wakainuka mmoja mmoja. Wanaume walipoanza kupokezana koleo kufukia kaburi, alinyoosha mkono kupokea, na aliyekuwa nalo akampitia, akampa wa upande wa pili. Mnajua kwetu maana ya kunyimwa koleo. Ni kuambiwa kwamba huna mkono katika msiba huu ila ule ulioua. Togolai alirudisha mkono wake ndani ya koti. Mrefu vile, siku hiyo alionekana mdogo.

Baada ya hapo hakuna aliyepanda pikipiki yake, wala gunia moja halikumfikia. Mtu akaichana siti kwa kisu. Mkewe alisalimiwa nusu nusu kisimani. Na Kanza, aliyekuwa ametoka hospitali na mkono umefungwa shingoni, alikuwa anayaona yote hayo na hasemi.

Sekiete na wadogo zake wakaazimia kuichoma ile pikipiki. Walikuwa wamekwisha kutafuta mafuta ya taa. Mama yao ndiye aliyewazuia.

"Hamtaichoma kabla sijaiona breki iliyomuua mwanangu," alisema. "Iteni watu wote. Na Kanza awepo."

Kikao kilifanyika hapo nje, kwenye uwanja wa hili ghala. Mnauona ule mteremko unaoshukia hapa. Ulikuwepo hata wakati ule. Wazee walikuja, wachungaji walikuja, nami nilikuwa nimeketi karibu na Mama Sekiete. Togolai alikuja akiisukuma pikipiki yake, hakuipanda.

Mama Sekiete akamwuliza, "Togolai, pikipiki yako ina breki?"

"Inayo, mama."

"Nionyeshe."

Togolai akaipandisha hadi juu, akageuza, akashuka nayo kwa kasi ambayo ilifanya watu warudi nyuma. Alipofika mbele ya mama akakanyaga. Ikasimama hapo hapo, tairi karibu na miguu yake. Mama hakujongea.

"Tena," akasema.

Akafanya tena. Ikasimama.

"Sekiete, panda nyuma yake."

Sekiete akatazama watu, akamtazama mama yake. Akapanda. Walishuka wawili, na pikipiki ikasimama kama mwanzo. Sekiete akateremka, akaenda kukaa.

Ndipo Mama Sekiete akageuka. "Kanza, mwanangu, njoo upande."

"Mama, mkono wangu haujapona."

"Sijakuomba uiendeshe. Kaa tu."

Togolai akasimama mbele, akalibana tairi kwa magoti na kuushika usukani ili pikipiki isianguke. Wakawa uso kwa uso, marafiki wale wawili, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kanza akapanda kwa taabu. Ncha za vidole ndizo zilizogusa chini.

"Weka mguu mahali pake, ukanyage breki," mama akasema.

Kanza akaweka mguu. Unyayo ukashuka, ukasimama hewani. Ukatafuta. Tuliuona sote, ule mguu uliovaa ndala, unatafuta kama mkono wa mtu anayepapasa gizani. Ili aifikie ilibidi akae upande, nusu ya mwili wake itoke kwenye siti. Alipoifikia, alikuwa hawezi hata kuikandamiza.



"Alipokukabidhi hii pikipiki, hakukwambia?" Mama Sekiete akauliza.

Kanza alimtazama Togolai. Togolai alikuwa anatazama tairi.

"Aliniambia, mama. Alikuwa na spana mkononi, alitaka kurekebisha. Nikamkatalia."

"Kwa nini?"

 Machozi yalikuwa yanamtiririka Kanza, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, mmoja umefungwa na mwingine umeshika pikipiki.

"Nanzia alitania. Alisema waniletee ngazi za kanisa. Nikaona haya mbele ya mwenzangu. Nikasema pikipiki haimuulizi mtu kimo chake, nikawasha. Sikutaka kulisema hili, mama. Niliogopa watu watasema amejiua kwa ulimi wake."

"Na wewe ukaona afadhali wamseme Togolai."

"Ndiyo, mama."

 Nilidhani Mama Sekiete atamlaani, na wengi walidhani hivyo. Akauliza jambo jingine kabisa.

"Alipotania, alicheka?"

"Alicheka, mama."

"Basi asubuhi ile alicheka," akasema, polepole, kama mtu anayeweka kitu mahali asije akakisahau. Kisha akawageukia wanawe, na kibuyu cha mafuta ya taa walichokuja nacho kilikuwa bado karibu na miguu yao.

"Mmeona wenyewe," akawaambia. "Breki ilikuwepo. Ilikuwa imewekewa mguu mwingine. Nyinyi ni vijana, mtaazima vingi, na mtaiga mengi. Breki ya mwenzio, wanangu, haijui mguu wako."

Ndivyo ilivyotamkwa mara ya kwanza. Hakuitamka kama methali. Alikuwa mama anayewaonya watoto waliombakia.

Sekiete alimwendea Togolai, akaomba radhi mbele ya watu wote, kisha akaushika usukani akamsukumia ile pikipiki mpaka nyumbani kwake. Siku zilizofuata waliomwinukia benchi walikwenda mmoja mmoja, wengine na kuku, wengine na maneno tu. Togolai aliwapokea. Lakini mimi alinieleza jambo ambalo kikao hakikulifuta. Alisema, "Ufunguo ulikuwa mkono huu, spana ilikuwa mkono huu. Nikatangulia kutoa ufunguo." Tangu hapo hajampa mtu pikipiki kabla ya kumkalisha juu yake, kumpimia mguu, kugeuza vioo na kumfunga kofia yeye mwenyewe. Anayekasirika humwacha akasirike.

Maneno ya Mama Sekiete yalianza kwa waendesha pikipiki. Kijana akiazima chombo, wenzake humwambia, naye huzunguka kwanza uwanjani. Baadaye yakaingia majumbani. Binti akitaka kuendesha ndoa yake kama ya dada yake, anaambiwa. Mtu akitaka kufuga kwa sababu jirani kafuga, anaambiwa.

Nikaishia hapo. Mbazi alikuwa ameshika kipande cha tangawizi ambacho alikwisha kukimenya, anaendelea kukikwangua.

"Rafiki yangu ana mfereji unaopita mlangoni kwake," akasema baadaye, bila kumlenga mtu yeyote. "Sisi ule ukingo wetu hauna maji."

Nikachukua tangawizi nyingine. Alikuwa amefika mwenyewe.

Namcha akauliza, "Na Kanza, Bibi? Alikwenda wapi?"

"Hakwenda popote. Mkono wake uliunga vibaya. Pikipiki yake ilipotengenezwa aliiuza, na hakupanda nyingine mpaka leo, wala hakuoa tena. Mnamfahamu. Ni yule mnayemwita Mzee Nitafika."

Wakatazamana. Mzee Nitafika ni yule mfupi anayeshuka mlima kwa miguu kila siku ya gulio, mvua au jua, na kapu lake la mbegu za mboga. Vijana wa pikipiki husimama kando yake wakitaka kumpa lifti ya bure, naye hujibu neno moja tu, "Nitafika," ndipo wanapoondoka wakicheka. Mbazi ni mmoja wao.

"Juzi nilimpigia honi kwa nyuma, pale Kona ya Kalivati," Mbazi akasema. "Alikaa chini, Bibi. Nilidhani ananifanyia mzaha."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Aliweka kisu chini, akakaa akitazama mikono yake yenye maganda.

"Breki ya mwenzio haijui mguu wako," Namcha akasema, taratibu, na safari hii hakuuliza imetoka wapi.